Watu wa Mizinga: Kutoka Boma la Kabete hadi Ukuta wa Ngong Road

Katika vita vikuu viwili vya karne ya 20, Nairobi haikugeuzwa uwanja wa mapambano ya mizinga. Hakuna kombora lililoangukia maduka ya Biashara Street, wala paa la Kilimani lililotobolewa. Hata hivyo, mtu akitaka kujua mizinga ya Afrika Mashariki ilifikaje mbele, nani aliyeivuta, nani aliyeichimbia shimo na nani aliyeilinda usiku, itambidi apite mji huu, kutoka Kabete na Kibera upande wa magharibi hadi Kariokor na Kenyatta Avenue, kisha arudi Ngong Road penye makaburi.

Mzinga wa uwanjani hutegwa nyuma ya kilima au mti, na mara nyingi anayeupiga halioni lengo. Macho yake ni mwenzake aliyejificha mbele, na habari humfikia kwa waya wa simu. Chini ya mzinga panahitajika ardhi ngumu, pembeni handaki la kujikinga, nyuma kidogo akiba ya makombora isiyorundikwa pamoja isije ikalipuka yote kwa mara moja. Panahitajika pia njia ya kuingilia na nyingine ya kuondokea, maji, na askari wa kulinda pande zote. Karibu yote hayo ni kazi ya jembe, kamba na mabega, na historia hii inafuata mabega hayo.

1890–1904: Boma kabla ya mji

Kabla reli haijafika na kabla Nairobi haijawa mji, Waingereza walijaribu kushika vilima vya magharibi kwa boma. Oktoba 1890 Frederick Lugard, akiwa safarini kwenda Uganda kwa niaba ya Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, alijenga kituo Dagoretti baada ya kula kiapo cha urafiki na Waiyaki wa Hinga, kiongozi wa Wakikuyu wa eneo hilo. Mahali penyewe palichaguliwa kwa akili. Palikuwa mpakani mwa mbuga za Wamaasai na mashamba ya Wakikuyu, penye maji, na penye chakula ambacho kila msafara ulikihitaji kabla ya kushuka Bonde la Ufa.

Ubora wa mahali haukusaidia kitu. Watu wa misafara walichukua vyakula bila kulipa, urafiki ukaoza, na mwaka 1891 George Wilson, aliyeachwa kusimamia boma, alilazimika kuondoka. Boma likateketezwa. Mwaka huohuo Eric Smith alijenga jingine Kabete, likaitwa Fort Smith. Agosti 1892 Waiyaki alikamatwa hapo, akafa Kibwezi akiwa anapelekwa pwani. Aliyekuja baadaye kusimamia boma, Francis Hall, aliongeza handaki na seng'enge.

Fort Smith ilisimama kwa sababu ilizungushiwa kinga, lakini walioishi ndani hawakuweza kutoka nje bila ulinzi. Huo ulikuwa mfano wa mapema, katika ardhi ya Nairobi yenyewe, wa jambo ambalo majeshi yangelisahau mara nyingi baadaye: boma lililokosana na jirani anayelilisha hutumia nguvu zake zote kujilinda.

Reli ilifika mwaka 1899. King's African Rifles, jeshi lililojulikana kwa herufi KAR, liliundwa mwaka 1902. Kuanzia mwaka 1904 askari wake wa asili ya Sudan, Wanubi, walipewa pa kukaa katika msitu wa Kibera, jirani na viwanja vya mazoezi. Mwaka 1918 ardhi hiyo, ekari 4,197, ilitangazwa rasmi kuwa hifadhi ya jeshi. Askari wa KAR walifunzwa bunduki na bombomu. Mizinga hawakupewa. Watawala walikuwa na hofu ya kuweka silaha nzito mikononi mwa Waafrika, na pia waliamini kwamba vita vyao vitakuwa vya kutiisha makabila, si vya kupambana na jeshi lenye mizinga yake.

1914: Mizinga isiyo na mahali pa kusimama

Imani hiyo ilivunjika Agosti 1914. Ng'ambo ya mpaka kulikuwa na jeshi la Wajerumani chini ya Paul von Lettow-Vorbeck, na Nairobi haikuwa na betri hata moja ya mizinga. Ilibidi ziletwe kutoka India, nazo zilishushwa Kilindini na kupandishwa kwa reli. Miongoni mwao ilikuwa Betri ya 27 ya Milimani. Mizinga yake midogo ilifunguliwa vipandevipande na kupakiwa juu ya baghala.

Mapambano ya kwanza mawili yalitoa somo kali. Tanga, mwanzoni mwa Novemba 1914, Betri ya 28 ya Milimani haikushushwa kabisa. Mizinga yake ilipigwa kutoka sitaha ya meli, kukiwa hakuna mtu wa kuona vizuri makombora yaangukako. Jeshi la nchi kavu likashindwa likiwa karibu halina msaada wa mizinga. Siku zizo hizo, Novemba 3, kikosi kilichotoka upande wa Nairobi kiliupanda mlima Longido, kaskazini-magharibi ya Kilimanjaro, pamoja na Betri ya 27. Huko mizinga ilipata pa kusimama, lakini msafara wa baghala waliobeba maji ulishambuliwa, wanyama wakatawanyika, na jioni kikosi kizima kikalazimika kurudi nyuma kwa kiu.

Wajerumani nao walikuwa na shida ya kinyume chake: walipata mizinga mikubwa isiyo na magurudumu. Manowari Königsberg, iliyoizamisha HMS Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar Septemba 20, 1914, iliangamizwa katika delta ya Rufiji Julai 11, 1915. Mabaharia wake waliopoa mizinga yote 10 ya milimita 105, na karakana za Dar es Salaam zikaiundia magari ya kuvutia. Waingereza walifanya vivyo hivyo kwa mizinga ya Pegasus. Leo mmoja wa kila meli umesimama katika Fort Jesus, Mombasa, mahasimu wawili wa Zanzibar wakiwa kando kwa kando.

Mzinga wa manowari ukiwekwa nchi kavu ulipiga mbali kuliko karibu kila kitu walichokuwa nacho Waingereza. Kondoa Irangi, Mei 1916, majeshi ya Afrika Kusini chini ya Jacob van Deventer yalikaa bondeni yakipigwa kutoka vilimani huku mizinga yao haifiki. Lakini uzito uliokuwa nguvu ya mzinga huo ulikuwa pia kifo chake. Ulihitaji mamia ya watu kuuvuta, na adui akikaribia ghafla haukuweza kukimbia. Kahe, Machi 1916, Wajerumani waliulipua mzinga wao wenyewe na kuuacha pale ulipokuwa umesimikwa.

1915–1918: Kariokor

Kwa nini watu, si ng'ombe wala farasi? Jibu ni mbung'o. Kusini ya reli ya Uganda wanyama wa kuvuta walikufa kwa maelfu, na wakati wa mvua magari yalizama matopeni. Kila kombora lililofika kwenye mzinga lilifika juu ya kichwa cha mtu, na mtu huyo alihitaji posho, iliyobebwa na mtu mwingine, ambaye naye alihitaji kula. Kadiri mzinga ulivyosogea kusini, ndivyo mkia wa wapagazi ulivyorefuka.

Kambi kuu ya wapagazi wa Kenya ilikuwa Nairobi, mahali ambapo leo pana soko na nyumba za Kariokor, zilizobaki na jina la kikosi chao. Mkuu wao alikuwa Oscar Watkins. Sheria ya mwaka 1915 iliruhusu kuwachukua wanaume kwa lazima, na mwaka 1917 John Ainsworth, ofisa wa serikali ya kikoloni, alisimamia msako mkubwa zaidi, ambao uliacha vijiji vingi bila vijana. Waliletwa kutoka Nyanza, Ukambani, Ukikuyuni na pwani, wakapewa blanketi na kibati chenye namba, wakapelekwa mbele.

Mambo yaliyowaua zaidi hayakuwa risasi. Yalikuwa kuhara damu, malaria na homa ya mapafu, na chanzo kimoja kikubwa kilikuwa unga wa mahindi usiosagwa vizuri, uliopikwa haraka na kuliwa mbichi nusu, tena na watu ambao wengine hawakuwa wamezoea mahindi. Maofisa waliokuwa hodari wa kupima masafa ya kombora hawakupima muda wa kuiva kwa sufuria ya ugali, na kosa hilo liliua watu wengi kuliko mizinga ya Königsberg. Waliokufa walikuwa makumi ya maelfu. Wengi walizikwa kando ya njia. Mishahara ya maelfu yao haikuwa na wa kuidai, na baada ya vita serikali ya London ilikataa kuitoa kwa manufaa ya jamii walizotoka, ingawa Watkins na Ainsworth waliitetea hoja hiyo.

Katika vita hivyohivyo walifika wapiga mizinga Waafrika, lakini kutoka mbali: Gold Coast na Nigeria, wakiwa na mizinga midogo ya milimani ya milimita 75 iliyofunguliwa na kubebwa vichwani. Wakenya waliona kwa macho yao kwamba Mwafrika anaweza kulenga na kupiga mzinga. Wao waliendelea kubeba.

Mwaka 1928 sanamu tatu za shaba zilizinduliwa katikati ya mji, katika barabara ambayo sasa ni Kenyatta Avenue. Mmoja wa wale watatu ni mpagazi. Maandishi yako kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Jina la mpagazi hata mmoja halikuandikwa.

1940–1944: Kutoka kubeba hadi kulenga

Julai 1940, katika vita vikuu vya pili, Waitalia waliizingira ngome ya Moyale na kuipiga kwa mizinga mpaka kikosi cha KAR kilichokuwa ndani kikatoroka usiku. Nairobi ilijikuta palepale pa mwaka 1914: ina askari wa miguu hodari, haina mizinga ya kutosha, na inategemea betri kutoka India na Afrika Kusini. Safari hii uamuzi ulikuwa tofauti. Vita vilikuwa vinawala Waingereza Ulaya na Misri, na watu wa kujaza nafasi za mizinga hawakuwapo. Yakaundwa majeshi ya mizinga ya Afrika Mashariki, yakiandikisha vijana kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na kusini zaidi. Kuanzia mwaka 1941 makao makuu ya Kamandi nzima ya Afrika Mashariki yalikuwa Nairobi.

Maofisa walibaki kuwa Waingereza. Lakini kazi yenyewe ilikuwa imebadilika, na ukubwa wa badiliko hilo ni rahisi kuudharau leo. Silaha kuu ya mizinga ya uwanjani ya Kiingereza wakati huo ilirusha kombora la kilo 11 hivi umbali wa zaidi ya kilomita 12, na ilihitaji watu sita ambao kila mmoja alijua kazi yake na ya mwenzake. Kijana ambaye baba yake alivuta gurudumu la mzinga kwa kamba sasa alisoma namba kwenye darubini ya kulengea, akageuza mkono wa chuma, akasubiri amri.

Kuweka betri mahali pake kulikuwa na mpango wake. Ofisa na watu wachache walitangulia kuchagua uwanja: nyuma ya mgongo wa ardhi, si penye mti wa pekee unaoonekana kwenye ramani ya adui, si penye njia moja tu. Vigingi viliwekwa kuonyesha kila mzinga utakapokaa na utakakoelekea. Mizinga ilipoingia, mara nyingi usiku, sahani ya chuma ilishushwa chini ya magurudumu ili mzinga uweze kuzungushwa upande wowote. Kisha majembe. Shimo la mzinga, shimo la watu, shimo la makombora, waya wa simu uliofukiwa usikatwe na magurudumu, wavu wa kufichia ulioning'inizwa kabla jua halijachomoza. Udongo mbichi na njia mpya ya magari ndivyo rubani wa adui anavyotafuta, kwa hiyo wavu peke yake hautoshi mtu akitembea ovyo majanini.

Na ulinzi: bombomu pembeni, zamu za usiku, na makombora machache ya kutoboa chuma yaliyowekwa karibu kwa siku ambayo adui atatokea mbele ya mdomo wa mzinga. Siku hizo zilikuja Burma. Februari 1944, huko Arakan, Wajapani walipenya nyuma ya Divisheni ya 7 ya India, na katika eneo dogo lililozungukwa pande zote wapiga mizinga walipigana kuanzia tarehe 5 hadi 23, wakilenga adui waliyemwona kwa macho.

Wakati mapigano hayo yakiendelea, Rejimenti ya 301 ya Mizinga ya Uwanjani ya Afrika Mashariki ilikuwa baharini. Iliondoka Kilindini Februari 5 ndani ya meli Khedive Ismail, katika msafara uliokuwa ukielekea Colombo. Ndani ya meli hiyo walikuwamo watu zaidi ya 1,500, na kati yao 996 walikuwa wa rejimenti hiyo. Wengine walikuwa mabaharia, wauguzi na wanawake wa vikosi vya msaada.

Mchana wa Februari 12, karibu na visiwa vya Maldives, abiria wengi walikuwa chini wakitazama tumbuizo. Nyambizi ya Kijapani I-27 ilirusha topido mbili. Meli ilizama kwa muda wa dakika mbili hivi. Manowari Paladin na Petard zikaisaka nyambizi hiyo kwa mabomu ya majini huku manusura wakiwa bado wanaelea, kwa kuwa kuiacha kungeweka hatarini meli nyingine za msafara. Nyambizi ilizamishwa siku hiyo hiyo. Watu 1,297 walikufa, wakaokolewa wanaume 208 na wanawake 6.

Yote waliyojifunza ya kuchagua uwanja, kuchimba, kuficha na kulinda hayakuwa na nafasi hapo. Mpiga mzinga ndani ya meli ni abiria tu. Sehemu kubwa ya rejimenti, iliyoundwa kwa jasho kutoka nchi kadhaa na makabila mengi, iliangamia kabla ya kupiga kombora lake la kwanza Burma.

1944–1945: Matope ya Kabaw

Waliotangulia walifika. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ikiwa na Rejimenti za 302 na 303 za mizinga, iliwafuata Wajapani kuanzia Tamu kwenda kusini katika bonde la Kabaw, katikati ya masika ya mwaka 1944. Njia ilikuwa uji. Magogo yalikatwa na kupangwa ili magurudumu yapite, na tena chini ya mizinga, maana kila mshindo uliizamisha zaidi. Chakula na makombora viliangushwa kutoka angani.

Usiku Wajapani wachache walinyemelea kambi, wakipiga kelele na kufyatua ovyo ili walinzi wajibu na kufichua bombomu zilipo. Dawa yake ilikuwa nidhamu ya kunyamaza: kutopiga mpaka adui aguse waya. Mapema Desemba mwaka huo divisheni ilifika Kalewa, kwenye mto Chindwin, ambako wahandisi walijenga daraja refu lililofungua njia ya kuelekea katikati ya Burma.

Miongoni mwa waliorudi walikuwamo watu waliokuwa wamesoma ramani, wakatumia simu na redio, wakapiga hesabu za masafa chini ya moto. Walikuta kipande kilekile, kitambulisho cha lazima cha Waafrika, na mashamba yaleyale ya walowezi. Manung'uniko yaliyojaa Nairobi mwishoni mwa miaka ya 1940 yalikuwa na mizizi mingi, na huo ulikuwa mmoja.

Baada ya 1963

Kenya huru ilirithi batalioni tatu za KAR, ya 3, ya 5 na ya 11, zote za askari wa miguu. Silaha ya mizinga ilijengwa hatua kwa hatua baadaye, hatimaye kwa mizinga myepesi ya milimita 105 iliyotengenezwa Uingereza. Amri zikawa za maofisa Wakenya, jambo ambalo vijana wengi wa Rejimenti ya 301 hawakupata kuliona.

Wakazi wa Nairobi waliijua mizinga kwa sherehe na misiba. Agosti 31, 1978 jeneza la Jomo Kenyatta lilivutwa juu ya gari la mzinga katika barabara za jiji hadi viwanja vya Bunge. Aprili 2022 mwili wa Mwai Kibaki nao ulipelekwa Bunge kwa gari la mzinga. Madhara ya silaha hiyo yalionekana mbali na jiji. Huko Archers Post na Dol Dol makombora yasiyolipuka, yaliyoachwa baada ya miongo ya mazoezi ya kijeshi, yakiwamo ya jeshi la Uingereza, yaliwaua na kuwakata viungo wafugaji na watoto wao. Mwaka 2002 serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa zaidi ya watu 200 jumla ya pauni milioni 4.5.

Majina

Kando ya Ngong Road, katika makaburi ya vita yaliyofunguliwa mwaka 1941, pana Mnara wa Kumbukumbu wa Afrika Mashariki. Hapo yameandikwa majina ya watu wa Rejimenti ya 301 ambao bahari haikuwarudisha. Mjukuu anaweza kufika, akatafuta, akasoma jina la babu yake. Wapagazi wa vita vya kwanza hawakupata haki hiyo, na sababu haikuwa ukosefu wa daftari pekee. Wenye mamlaka waliamua kwamba sanamu moja ya wote iliwatosha Waafrika.

Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri hivyo katika ripoti yake. Watu kati ya 45,000 na 54,000 wa Afrika, Asia na Mashariki ya Kati walikumbukwa kwa namna isiyo sawa na wenzao, na wengine wasiopungua 116,000, pengine hata 350,000, hawakutajwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza, Ben Wallace, aliomba radhi bungeni. Tangu hapo nyaraka za zamani za KAR zilizohifadhiwa na jeshi la Kenya zimepekuliwa ukurasa kwa ukurasa. Majina ya zaidi ya watu 3,000 yamepatikana humo, pamoja na vijiji walikotoka, na watafiti wameanza kuzitafuta familia zao.